Pijo Juu ya Mawe

Gari la baba yangu liko juu ya mawe. Najua mjini mtu akisema yuko juu ya mawe maana yake hana hata ndururu. Mimi nasema mawe hasa: mawe manne ya matumbawe, yamepangwa chini ya ekseli, uani kwetu Kilifi, chini ya mwembe. Magurudumu yalitoka zamani. Kuku wametaga humo ndani mpaka mama akazoea kukusanya mayai kwenye kiti cha dereva. Ni Peugeot 504, ile ndefu ya safu tatu za viti, ambayo pwani yote hakuna aliyejisumbua kuitamka Kifaransa. Tuliiita Pijo, basi.

Ramadhani iliyopita kaka yangu alinipigia simu. Kuna bwana mmoja anazunguka na mizani akinunua chuma chakavu. Amelitazama gari, amelizunguka mara mbili, akasema atalichukua kwa kilo.

"Kwa kilo?" nikauliza.

"Kwa kilo. Wewe ulitaka alinunue kwa nini, kwa mashairi?"

Nilicheka. Halafu nikasema libaki. Nilisema hivyo kabla sijafikiri, kama mtu anayenyoosha mkono kudaka kikombe kinachoanguka. Kaka akauliza swali moja tu: "Libaki lifanye nini?" Alitaka jibu kabla ya Idi, nami sikuwa nalo. Wasomaji wa ukurasa huu mmenizoea nikizungumzia vitabu. Leo niruhusuni nizungumzie gari, kwa sababu swali la kaka ni swali zuri, na nilipoanza kulitafutia jibu nilijikuta napekua historia, kisha daftari, kisha nikarudi kwa mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa na jibu tangu mwanzo.

Nianze na historia, maana ndiko tunakokimbilia sisi tunaopenda vitu vikuukuu.

Kabla ya kutengeneza magari, jamaa wa Peugeot walikuwa watu wa vyuma vidogo vidogo: misumeno, springi, vinu vya kusagia kahawa. Simba aliyekaa puani pa gari letu alianza kama alama ya misumeno yao, katikati ya karne ya 19. Meno ya msumeno, walitaka kusema, ni imara kama meno ya simba. Sisi watoto hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba gari la baba lina simba, na la jirani halina.

504 ilizinduliwa mwaka 1968. Ilikuwa itoke mapema kidogo, lakini migomo ya Mei mwaka huo, ile iliyoisimamisha Ufaransa nzima, ikaichelewesha. Mwaka 1969 ikachaguliwa Gari la Mwaka huko Ulaya. Sedani yake ilichorwa kwa ushirikiano na Pininfarina wa Italia, yenye taa za pembe zilizoinama kidogo kama macho ya mtu aliyeamshwa usingizini. Lakini iliyotufaa sisi ni ile ndefu. Walirefusha nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa sentimita 16 hivi, wakaweka ekseli ngumu nyuma, na badala ya springi mbili wakaiwekea nne. Ile ya familia ilikuwa na viti saba: wawili mbele, watatu katikati, wawili nyuma kabisa. Mfaransa aliyeibuni alimfikiria baba mwenye watoto watano anayeelekea likizo. Hakuifikiria steji ya Mombasa.

Hapa kwetu jina lilikuwa limeshatangulia. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mbio, yakamaliza 7. Aliyeshinda ni Nick Nowicki, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akiishi Kenya, akiwa na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 ikawa zamu ya Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, 404 tena. Mwaka 1968 yakaanza magari 93, mvua ikanyesha, yakamaliza 7 tena, na aliyetangulia akawa Nowicki yule yule na Cliff yule yule kwenye 404. Halafu ikaja 504. Ove Andersson akashinda nayo mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978.

Marehemu baba alihesabu miaka kwa Safari. Kaka alizaliwa mwaka wa Andersson. Mimi ni wa mwaka wa Nicolas. Mtu akimuuliza umri wetu angejibu hivyo, na wazee wenzake barazani wakaelewa bila kuhesabu vidole. Alisahau kusema, au hakutaka kujua, kwamba gari la Nicolas lilikuwa kupe ya injini ya V6 iliyotengenezwa makusudi kwa mbio, na kwamba lililofanana na letu lilikuwa ni jina na yule simba. Haikumjalisha. Ushindi ule ulifanya kazi uliyokusudiwa kufanya, yaani kumshawishi mtu wa Kilifi, mwenye akiba ya miaka tisa ya kazi bandarini, kwamba gari likiweza kutoka salama kwenye tope la Taita wakati wa Pasaka litaweza kumlisha yeye na watoto wake. Mwaka 1984 akanunua 504 iliyokwisha tumika, nyeupe, gia ya usukani.

Soko la kumlisha lilikuwa limefunguliwa miaka kumi na moja kabla. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Kabla ya hapo zilikuwa zikikimbizana na polisi. Jina lenyewe, wengi husimulia, lilitokana na mapeni matatu ya nauli, senti thelathini. Magari mengi ya mwanzo yalikuwa makuukuu, yaliyounganishwa na kuunganishwa upya. Pijo zikajitengea nafasi yao: safari za mbali, watu wachache, mwendo wa haraka. Ukipanda Pijo ulikuwa umelipa zaidi ya basi na ulitaka ijulikane.

Njia ya baba ilikuwa Mombasa hadi Malindi, kilomita 120 hivi, na katikati yake palikuwa na maji. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo ilikuwa feri, na feri ilikuwa foleni, na foleni ndiyo iliyokuwa maisha yetu. Magari yalipojipanga pale mteremkoni, wanawake walishuka na masinia: korosho za kukaanga, mahamri, machungwa yaliyomenywa ganda la juu yakabaki meupe. Kama ni siku ya shule kufungwa baba alinichukua, nikakaa katikati ya kiti cha mbele, na kazi yangu ikawa kupokea hela na kupitisha machungwa nyuma. Watu wasiojuana walikula kutoka karatasi moja. Mwalimu, mwenye duka, bibi anayepeleka mjukuu hospitali, mzungu mwenye mkoba mkubwa aliyekuja kuona magofu ya Gede. Safu tatu zote zikitazama mbele, na dereva akiwa ndiye mwenyeji.

Ndiyo hiyo ninayoikumbuka nikisema libaki. Mnaona jinsi ilivyo tamu? Nimeiandika kwa dakika kumi, haikunipa taabu hata kidogo. Ingefaa kunitia shaka pale pale.

Nije kwenye matengenezo, maana mapenzi ya gari kuukuu hayakai kwenye kuliendesha. Yanakaa kwenye kulitengeneza.

Fundi wetu, ambaye hadi leo tunamwita Fundi tu, alikuwa chini ya mkungu karibu na kituo cha zamani cha feri. Pijo ilimfaa kwa sababu haikumficha kitu. Ukifungua boneti unaona kabureta, unaona plagi, unaona mahali maji yanapoingia na yanapotoka, na katikati yake pana nafasi ya kuingiza mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Spea zilipatikana, maana Pijo zilikuwa zikiunganishwa papa hapa Mombasa. Huko Ufaransa waliacha kutengeneza sedani ya 504 mwaka 1983. Hapa na Kaduna, Nigeria, waliendelea mpaka miaka ya 2000. Na isiyopatikana mpya ilitoka kwenye maiti ya nyingine. Kufikia mwaka 1990 gari la baba lilikuwa na injini ya pili, milango ya upande wa kulia kutoka gari la Watamu lililogonga mnazi, na boneti ya rangi ya samawati ambayo hakuipaka nyeupe kamwe. Alisema samawati ile ilimsaidia kulitambua gizani.

Je, lilikuwa gari lile lile? Wenye falsafa wana mfano wao wa merikebu ya Wagiriki, lakini sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tulikuwa na mtepe. Ule ulikuwa chombo cha kushonwa, mbao kwa mbao, kwa kamba za makumbi ya nazi. Kamba huoza, kwa hivyo mtepe ulipaswa kushonwa upya mara kwa mara. Ungefunguliwa, ukashonwa, ukarudi baharini, na mwenye chombo hakuona sababu ya kuupa jina jingine. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika karne iliyopita, na leo vielelezo vyake viko jumba la makumbusho kule Lamu. Lakini ile akili ya kushona haikutoweka, ilihamia gereji. Kwa mtu aliyelelewa nayo, chombo si ile mali uliyonunua siku moja. Chombo ni kazi ambayo bado unaifanya. Siku ukiacha kushona ndiyo siku chombo kinakufa, hata kama mbao zote zipo.

Mafundi walikuwa na lugha yao ya mwili. Taa ni macho. Injini ni moyo. Gari linakohoa, gari lina homa, gari limevunjika kiuno. Baba alikuwa na daftari la mistari, jalada jekundu, aliloliweka kwenye dashibodi, na humo aliandika kila shilingi iliyotoka. Alipofariki mimi ndiye niliyelichukua. Ndugu zangu walichukua vitu vya maana. Humo kuna "plagi 4". Kuna "mkanda wa feni". Kuna "gasketi ya hedi" yenye mistari miwili chini yake, ya hasira. Na kuna "mguu, 200", kila mwisho wa mwezi, kuanzia katikati ya mwaka 1993. Nilihesabu: mara 31.

Nilifurahi mno na ule mguu. Kwa miaka kadhaa nilikusudia kuandika makala kuhusu lugha ya gereji za pwani, na "mguu" ulikuwa mfano wangu bora kuliko yote. Nilidhani ni springi, au labda ni kile kifaa cha kushika gurudumu la mbele ambacho huchakaa kwa mashimo. Kila mwezi, shilingi 200, kwa miaka miwili na nusu! Nilitaka kuutumia kuonyesha uvumilivu wa baba, jinsi alivyolilea gari bovu kama mtu anayelea mgonjwa.

Nitarudi hapo. Kwanza nipite kwenye kitabu, maana kitabu kilinionya nami sikusikia.

Katika *Shetani Msalabani*, riwaya ambayo marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwa Kikuyu akiwa gerezani Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za msalani, kuna gari kuukuu kuliko Pijo yoyote. Ni matatu ya Mwaura, Ford Model T, usajili wake MMM 333. Model T ziliacha kutengenezwa mwaka 1927. Kwa hivyo gari linalowabeba Wariinga na wenzake usiku ule kutoka Nairobi kwenda Ilmorog ni mzuka unaotoa moshi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimpenda Mwaura. Nilimwona baba. Lile gari linaloungurumishwa na kubembelezwa, abiria wanaoanza kama wageni na kuishia kusimuliana mambo mazito ya maisha yao, dereva mwenye maneno mengi kuliko petroli. Nikasema, huyu mwandishi amepanda Pijo.

Nilisoma vibaya. Ngũgĩ halifanyi lile gari kuwa tamu. Mwaura ni mtu wa kuabudu pesa, na kadiri hadithi inavyokwenda ndivyo inavyodhihirika kwamba yuko tayari kufanya lolote ili azipate. Abiria wanapata udugu ndani ya gari lile, ni kweli, lakini wanaupata licha ya mwenye gari, tena kwa nauli yao. Ukongwe wa gari ni kichekesho chenye kisu ndani: hiki ndicho mwananchi anachopandishwa wakati wakubwa wanapanda Mercedes. Msomaji anayeishia kwenye ucheshi wa Model T amefanya kile nilichofanya mimi kwenye foleni ya feri. Amekula chungwa, hakumtazama aliyelimenya.

Basi, baada ya ile simu ya kaka nilikwenda Kilifi. Nilimkuta mama amekaa pale anapokaa siku zote, kwenye benchi la nyuma la Pijo. Benchi lile liko barazani tangu nikiwa kijana, limefunikwa leso, springi zake zimelala upande mmoja. Ndipo anapopuria kunde, ndipo anapopokelea wageni. Siku zote niliamini lilitolewa gari lilipokufa.

Nikamsomea nilichokuwa nimeandika. Alisikiliza historia ya Safari kwa adabu. Kwenye mtepe akatikisa kichwa kukubali. Nilipofika kwenye mguu akaacha kupura.

"Huo si mguu wa gari, mwanangu."

"Ni wa nini?"

"Ule ni mguu wa mama wa machungwa."

Hadithi yenyewe ni fupi, na alinisimulia kama mtu anayetaja bei ya samaki. Daraja lilipofunguliwa, feri ikafa, na foleni ikafa nayo. Magari yakawa yanapita juu bila kusimama. Wale wanawake wa masinia walibaki na machungwa yao kwenye mteremko usiopitwa na mtu. Sisi tulishangilia daraja. Nakumbuka baba akisema sasa atapiga safari moja zaidi kwa siku. Mmoja wa wale wanawake aliamua kuwafuata wanunuzi walikokwenda. Akawa anapanda Pijo na magunia yake hadi Mombasa alfajiri, anarudi usiku. Alipanda Pijo ya baba, kwa vile wanajuana.

Usiku mmoja wa mwaka 1993, karibu na mashamba ya mkonge ya Vipingo, tairi la nyuma lilipasuka. Gari la viti saba lilikuwa na watu kumi na mmoja. Kwenye benchi la watu wawili walikaa wanne. Gari liliacha njia, likalala ubavu kwenye mkonge. Hakuna aliyekufa, alhamdulillah. Lakini yule mama alikuwa pembeni kabisa, na mguu wake ukabanwa. Ulipona vibaya. Hakuweza tena kubeba gunia.

"Baba yako hakuambiwa na mtu alipe," mama akasema. "Wala hakushtakiwa. Alikwenda mwenyewe kwao, akarudi, hakula. Kesho yake akalitoa hili benchi. Fundi akamwambia unajitilia hasara, akasema nyuma nitapakia mizigo. Hakulirudisha tena."

"Na hizo mia mbili?"

"Mwisho wa mwezi mwenyewe akija kuzichukua. Nampa chai, anakaa hapo." Akapiga benchi kwa kiganja. "Mpaka siku aliyosema basi, zatosha, watoto wangu wamekua."

Nilimuuliza kwa nini hakunieleza siku zote hizo. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ulikuwa ukiuliza habari za gari."

Sijui niieleze vipi aibu niliyoiona. Nilikuwa nimeligeuza deni la baba kuwa msamiati. Nilikuwa nimechukua mguu wa mtu nikaufanya kipuri, nikauandalia makala nzuri. Na sikudanganya mahali popote. Kila nilichoandika juu ya springi nne na ushindi wa mwaka 1978 ni kweli. Historia ya Pijo inapatikana kwa mwaka, kwa dereva, kwa idadi ya walioanza na waliomaliza. Historia ya mama wa machungwa ipo kwenye daftari moja tu duniani, kwa maneno mawili, na msomaji wake wa pekee aliisoma kombo kwa miaka mingi kwa sababu alilipenda gari kupita kiasi.

Nadhani hili ndilo lililokuwa likinisumbua katika swali la kaka. Wapo wanaosema mapenzi ya gari kuukuu ni upuuzi, kwamba kipya kinyemi na kikuukuu kitupwe. Siwaungi mkono. Wahenga hao hao walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na Pijo ilikuwa mbachao wetu: ilinisomesha, ilimsomesha kaka, ilitupa baba aliyejulikana kutoka Mombasa hadi Malindi. Mapenzi ya namna hiyo hayahitaji kuombewa radhi. Lakini mapenzi yanayochagua kurasa si mapenzi, ni starehe. Ukilipenda gari, lipende na daftari lake. Miaka ile tunayoililia, ya watu kula kutoka karatasi moja, ilikuwa pia miaka ya watu wanne kwenye benchi la wawili, na anayevunjika mguu hana wa kumlipa ila dereva mwenye haya.

Mambo yalikuja kubadilika. Nissan za abiria kumi na wanne zilijaa barabarani katika miaka ya 1990, nauli ikashuka, na Pijo zikaanza kuhama njia moja baada ya nyingine. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilizibomoa barabara na kuyamaliza magari mengi yaliyokuwa yamebaki. Kisha zikaja kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari mwaka 2004: mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo, idadi ya watu isiyozidi viti. Madereva waligoma, wakalalamika. Mimi nilikuwa kijana wa chuo na nililalamika nao; niliona serikali inaua utamaduni. Baba hakugoma. Alikuwa amelipandisha gari juu ya mawe miezi miwili kabla. Tulipomuuliza alisema amechoka, na kwamba sheria ni nzuri, imechelewa tu. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyekata tamaa. Sasa najua alikuwa ametaja tarehe: imechelewa miaka kumi na kitu.

Mtauliza gari liliishia wapi. Siku tatu kabla ya Idi tulikaa mimi, kaka na mama. Tulimwita Fundi, ambaye sasa anatembea kwa fimbo lakini masikio yake bado yanasikia injini kabla haijawashwa. Kuna 504 pikapu moja inayobeba nazi na makuti huko Ganze, mwenyewe anahangaika na injini. Fundi akapiga magoti, akapapasa, akasema moyo wake bado mzima, ukifunguliwa na kuoshwa utafanya kazi. Akachukua injini, gia boksi na milango miwili ya Watamu. Alitulipa kidogo, chini ya bei ya yule bwana wa mizani. Kaka hakubisha. Bodi iliyobaki ilikwenda kwa kilo, boneti ya samawati ikiwa juu, na kuku wakahangaika siku mbili wakitafuta pa kutagia.

Halafu Fundi, akiwa tayari mlangoni, akalitazama benchi. Akasema yule mwenye pikapu ana mpango wa kuweka kiti nyuma, kwa ajili ya vibarua wake, na benchi kama hili halipatikani tena siku hizi. Angelilipia vizuri, kuliko hata injini.

Mama hakuinuka.

"Hilo haliuzwi," akasema. "Kesho kutwa mwisho wa mwezi. Mgeni wangu atakaa wapi?"